Kisahani Kinaishia Saba

Alhamisi. Mvua inanyesha tangu saa saba mchana, mvua ya Wandegeya inayotuletea takataka zote za sokoni mpaka mlangoni. Nimekaa dirishani. Chai haina sukari, na kichwa changu hakina mpango.

Leo asubuhi nimekoswakoswa na kifo, na mpaka sasa sijui nimkasirikie nani.

Kila nikiandika mambo kama haya najiambia ukurasa huu nitauchoma chini ya sufuria. Sijawahi kuchoma hata mmoja. Basi acha niandike, pengine nikiyaona kwenye karatasi nitayaelewa, maana kichwani yamegoma kabisa kukaa sawa.

Nianze na kisanduku. Ndege yangu ni ile ndogo ya serikali inayopeleka chanjo za ng'ombe Moroto. Mbele ya goti langu la kulia kuna kisanduku kinachoitwa transponda. Rada iko kule uwanja mkubwa wa ziwani, inazunguka na kuuliza angani, nani yuko huko? Kisanduku kinalisikia swali na kujibu kwa namba ya tarakimu nne, ambayo mimi nimeipanga kwa vidole kwenye visahani vinne vidogo. Kila kikijibu, kitaa chake kinapepesa.

Kazi yake ni hiyo tu. Watu wengi wanadhani kinaangalia mbele na kutukinga tusigongane, na mimi mwenyewe nilipoanza kurusha nilidhani hivyo, nikawa nakipangusa vumbi kwa heshima kubwa. Hakioni chochote. Ndege nyingine ikinijia usoni, chenyewe kitaendelea kupepesa na kuijibu rada kwa adabu zake zote.

Anayetukinga ni mtu aliyekaa mbele ya kioo cha rada. Yeye naye ana visahani vyake. Anapanga namba anayoitafuta, na ndege yenye namba hiyo inang'aa kwenye kioo kuliko nyingine. Ndege ambayo namba yake hakuipanga inabaki nukta hafifu, na siku ya mawingu mazito nukta hafifu ni nyingi, nusu yake mvua. Akikuona vizuri anakuambia kwa redio, fulani yuko kushoto kwako, shuka, ngoja. Asipokuona, unabaki na macho yako na ile kanuni ya urefu: waendao mashariki wanashika elfu za witiri, saba au tisa, waendao magharibi wanashika za shufwa, nane au kumi. Kanuni nzuri, kama kila mtu anaifuata.

Huyo mtu wa rada, kwa zamu za asubuhi, ni shemeji yangu Odong, kaka yake mke wangu Akello.

Sasa niseme la Jumatatu.

Jumatatu tuliitwa kwenye banda la ndege, sisi marubani wawili wa ndege ndogo za serikali, yaani mimi na Byaruhanga. Byaruhanga simjui vizuri. Alihamishiwa kwetu mwaka huu, anapiga mluzi anapokagua mafuta, anasalimia, anaondoka. Odong na wenzake wa rada walikuwa wamesimama nyuma yetu. Akaja Meja, ambaye alikuwa wa vifaru na sasa amepewa kusimamia mambo ya anga, akasimama juu ya sanduku la vipuri.

"Sikia," akasema. "Ndege yote ya serikali itabeba namba moja. Namba ya mwaka ile tulichukua nchi. Moja, tisa, saba, moja. Kuanzia Alhamisi, ndege ile rada haioni na hii namba, hiyo ni adui. Watu ya mizinga wako tayari. Imeisha?"

"Imeisha, afande," akajibu Byaruhanga, upesi kuliko wote.

"Imeisha, afande," nikajibu mimi.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Odong, naye akasema imeisha.

Tatizo ni kwamba kisahani kinaishia saba.

Tulifundishwa sababu yake, na ni hesabu rahisi. Kila tarakimu kisanduku kinaitengeneza kwa mipigo mitatu: mmoja una thamani ya moja, wa pili una thamani ya mbili, wa tatu nne. Ukiipiga yote mitatu unapata saba, na hapo mali imekwisha. Nane haipo. Tisa haipo. Zungusha kisahani mpaka kidole kiote sugu, baada ya saba kinarudi sifuri. Na visahani vya rada ni ndugu wa visahani vyetu, kwa hiyo navyo vinaishia palepale.

Kila mtu aliyekuwa ndani ya banda lile, ukimtoa Meja, alilijua hilo. Hakuna aliyekohoa.

Na ningesemaje? Afande, mwaka wa mapinduzi hauingii kwenye ndege? Nilijaribu sentensi hiyo kichwani njiani nikirudi, nikaigeuza hivi na hivi, na kila nilivyoigeuza ilikuwa na mimi nikipakiwa kwenye buti la gari. Akello anasema ninakuza mambo. Lakini mtu wa duka la pili hapa kwetu alisema jambo dogo zaidi ya hilo, na mpaka leo duka limefungwa.

Nilichoshindwa kukielewa ni Odong. Huyu si mgeni. Huyu nimecheza naye omweso, bao letu la huku, miaka yote ya ndoa yangu, anajua ninapoficha mbegu zangu, anajua ninapodanganya. Ningeweza kumuuliza neno moja tu: wewe utapanga namba gani badala ya hiyo? Tukubaliane, yaishe. Kwa redio haiwezekani, inasikilizwa. Kazini haiwezekani, Meja ameweka kiti chake pale pale kwenye chumba cha rada. Lakini nyumbani?

Jana jioni alikuja nyumbani. Tukaweka ubao wa omweso katikati, Akello akatuletea mihogo. Tulicheza, tukaongea habari za sukari, kwamba kwenye maduka ya Kikuubo imeonekana kwa mlango wa nyuma, kwamba imepotea tena. Tunaongea Kiswahili chetu cha kambini, kwa sababu Kinubi changu yeye hakijui, na Kiacholi changu kinamchekesha. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili nilimuona naye anafungua wake. Kisha mmoja wetu akasema habari za mvua.

Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa shemeji yangu. Nilifikiri, nikimwambia amri haitekelezeki, nimempa neno la kwenda nalo kwa Meja siku atakapobanwa, na wao Waacholi wanabanwa kila siku. Sikufikiri upande wa pili. Sikufikiri kwamba yeye anaangalia Mnubi aliyekaa mbele yake, mtu ambaye mji mzima unadhani binamu zake wote ni wakubwa jeshini, na anajiuliza vilevile. Binamu yangu mkubwa kuliko wote jeshini ni mpishi.

Akaaga, akaondoka. Nikatoka kumsindikiza mpaka barabarani, tukasimama pale kama wajinga wawili, tukaagana tena.

Niliporudi ndani nikaona ubao.

Odong haachi ubao na mbegu. Hiyo ni desturi yake, mchezo ukiisha anazirudisha zote kwenye mfuko. Jana mfuko ulikuwa pembeni umejaa, lakini kwenye mstari wa mbele, upande wake, zilibaki mbegu. Shimo la kwanza, moja. La pili, tupu. La tatu, saba. La nne, moja.

Nikazihesabu tena. Moja, sifuri, saba, moja. Ameiondoa tisa, ameweka tupu. Nikasema, kumbe huyu mtu ana akili, amepata njia ya kuniambia bila kuniambia. Mimi mwenyewe kabla ya hapo nilikuwa nimekusudia kuweka moja, saba, saba, moja, kwa kuwa saba ndiyo iliyo karibu zaidi na tisa. Nikaiacha ya kwangu, nikashika ya Odong. Nililala vizuri.

Asubuhi nikaruka na masanduku ya chanjo, mawingu yamekaa chini. Nikapanga moja, sifuri, saba, moja. Kitaa kikapepesa. Nikaita rada. Sauti ya Odong ikaja, kwa kile Kiingereza cha redio kisicho na baba wala mama: anakuona, namba ni kama ilivyoamriwa, endelea mpaka futi elfu tisa, hakuna mwingine karibu nawe.

Nilicheka peke yangu kule juu. Nikampenda shemeji yangu kuliko siku ile alipokubali nimuoe dada yake.

Nikaingia kwenye wingu kwa furaha hiyo. Ndani ya wingu hakuna macho, una mtu wa rada tu. Nilipotokea upande wa pili, mbele yangu kulikuwa na tumbo la ndege ya jeshi, ile kubwa ya mizigo, inashuka. Niliona misumari yake ya bati. Sikufikiri, mikono ndiyo iliyofikiri, ikausukuma usukani mpaka masanduku ya chanjo yakapanda darini na kurudi. Upepo wake ukanizungusha. Nilipoishika ndege yangu sawa, ile nyingine ilikuwa imeshamezwa na wingu na labda mpaka sasa rubani wake hajui kwamba nilikuwepo.

Redio ikakwaruza. Kisha Odong akaniuliza nipo urefu gani. Nikamjibu. Akauliza tena swali lilelile, sauti nyembamba kama si yake. Nikamjibu kwa hasira, karibu nimtukane mbele ya anga nzima. Si amesema ananiona? Anauliza nini tena?

Nilifika Moroto, nikashusha chanjo, chupa kadhaa zimevunjika, nikaandika kwamba ni hali ya hewa. Nikarudi kabla ya mvua.

Nikamweleza Akello yote. Yeye ni mtu wa kusikiliza huku mikono inafanya kazi, alikuwa anachambua maharage. Nilipofika kwenye habari ya mbegu za omweso, mikono ikasimama.

"Mbegu gani, Baba Hawa?"

"Zile Odong aliniachia kwa ubao."

"Bambi, pole," akasema. "Zile ni mimi. Nyinyi mmetoka nje, nimepanguza ubao, zingine zimeanguka chini ya kiti. Nimeziokota, nikatia tu pale pale. Nilikuwa na haraka, maziwa yanachemka."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kwa hiyo Odong hakuniambia kitu. Kwa hiyo aliponiambia namba ni kama ilivyoamriwa, alikuwa anaangalia namba gani? Nilikaa kwenye kiti hiki nikijaribu kuipanga. Kama alipanga nyingine, hakuniona ninang'aa. Kama hakuniona, kwa nini alisema ananiona? Na kama alijua hanioni, alithubutuje kusema hakuna mwingine karibu?

Hasira ikanipanda, ikashuka, ikapanda tena. Nilikuwa navua viatu vya kazi, nikajikuta nimekaa na kiatu kimoja mkononi sijui nilikuwa navaa au navua.

Saa tisa mlango ukagongwa. Odong, amelowa mpaka soksi. Alhamisi si siku yake ya kuja.

Alikaa. Hakuuangalia ubao. Akello alimpa taulo, na yeye akalishika tu bila kujifuta. Nikainuka, nikaongeza sauti ya redio, wimbo wa Kikongo, kama wanavyofanya watu wote katika mji huu wakitaka kusema jambo la kweli. Majirani lazima wanadhani tunapenda muziki sana.

Kisha nikasema. Hata sikupanga.

"Shemeji, tisa hakuna."

Akasogeza kiti karibu.

"Mimi najua," akasema. "Hata kwangu hakuna."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekuja kutukamata. Wimbo wa Kikongo ukaendelea.

Akaanza kusema na hakuweza kusimama. Meja alikuwa amekaa nyuma ya kiti chake asubuhi yote, anakula karanga, simu ya watu wa mizinga iko kwa mkono wake. Odong alipanga namba yake, akangoja ning'ae. Sikung'aa. Kulikuwa na nukta tu, nyingi, na mvua. Meja akamuuliza, iko? Akasema, iko, afande, namba ile ile.

"Ningesema nini, shemeji? Nikisema sioni, ile simu inapigwa."

"Na hakuna mwingine karibu?"

"Nimeona nukta nyingi. Sijui gani ni wewe." Akajifuta uso, sasa ndiyo akalikumbuka taulo. "Halafu mbili zimekutana. Zimekuwa moja. Nikauliza urefu yako, si kwa sababu ya urefu. Nataka tu kusikia sauti. Umejibu vibaya sana, nikashukuru Mungu. Nikauliza tena."

Akello alitoka akaenda jikoni. Nilimsikia analia kwa kujificha. Mimi sikujificha.

Nikamwambia mimi niliweka sifuri mahali pa tisa, nikamuuliza yeye alikuwa amepanga namba gani.

"Moja, saba, saba, moja," akasema. "Nimefikiri, huyu shemeji mimi najua yeye. Kitu kikikosa sokoni, yeye anachukua ile iko karibu, anasema ni ileile tu. Hawezi kuweka sifuri. Na wewe umeweka sifuri."

Alinijua sawasawa. Ningefuata kichwa changu mwenyewe, ningeng'aa kwenye kioo chake, angeniona, angeniambia shuka. Nikamweleza habari ya mbegu, kwamba nilidhani ni yeye, na kwamba ni dada yake na maziwa yake yanayochemka. Alicheka vile vicheko vya mtu aliyekuwa karibu kutapika. Nami nikacheka. Akello akaja na macho mekundu akauliza tunacheka nini.

Tumekubaliana sasa: moja, saba, saba, moja. Nilimwambia tuchukue sifuri kwa kuwa ni yangu, ya kushukuru Mungu. Akakataa, akasema sifuri hataki kuiona tena. Meja akichungulia kioo ataona ndege inang'aa na ataridhika, yeye hasomi visahani. Odong ameondoka kabla ya chakula, anasema anataka kulala mapema.

Ningetakiwa kuwa na furaha. Lakini bado nimechanganyikiwa, na sasa ninajua ni kwa nini.

Kesho anaruka Byaruhanga.

Byaruhanga hana shemeji kwenye rada. Sijui amepanga namba gani, au kama ataizima transponda na kuomba mawingu yamfiche. Odong atatafuta moja, saba, saba, moja, na Byaruhanga atakuwa nukta hafifu kati ya nukta, na Odong atasema iko, afande, kama alivyosema kwangu. Au kesho hatasema. Mtu ana uongo kiasi gani wa kutumia mbele ya simu ile? Na ndege ya jeshi inashuka kila asubuhi njia ileile, haijui kanuni ya witiri wala shufwa.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikimwona Byaruhanga kama mtu wa kupeleka maneno. Kwa sababu gani? Kwa sababu alijibu "imeisha, afande" haraka. Lakini mimi pia nilijibu. Nilijibu wa pili kwa sababu yeye alinitangulia, si kwa ushujaa. Yawezekana na yeye siku hizi zote ananitazama mimi hivyohivyo, akipiga mluzi wake. Yawezekana pia ni kweli ni mtu wa kupeleka maneno. Sina njia ya kujua. Nimelifikiri kwa pande zote na linanirudisha palepale, kama kile kisahani.

Nimemuuliza Akello. Amesema, "Kale, haya, na mke wake je?" Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Mvua imepungua. Byaruhanga amepanga chumba Nakivubo, nyuma ya mafundi cherehani, nilimpeleka siku moja gari lake lilipoharibika. Nikitembea sasa nitafika kabla giza halijaingia, na kurudi nitajua hukohuko.

Nimevaa viatu. Vyote viwili.

Nitamwomba kwanza aongeze sauti ya redio.